Birika la Likair

Katika parokia nzima hakuna aliyewahi kuisifu pua ya Ailikn mpaka mkwe wake alipoichonga kwenye jiwe. Ilikuwa pua ndefu, imepinda kushoto, pua ya kuchungulia vyungu vya watu, kama alivyokuwa akisema marehemu mumewe. Likair mchonga mawe alitumia mwaka mzima kulichonga birika la ubatizo la kanisa lao. Kuzunguka bakuli lake alichonga kuzaliwa kwa Bwana: Mariamu kitandani, ng'ombe na punda, wafalme watatu juu ya farasi wadogo wanene, na mkunga aliyeinama akimwosha Mtoto kwenye beseni. Jumapili birika lilipowekwa mahali pake, kina mama walilizunguka wakilipapasa, na mmoja wao akapaza sauti: "Jamani, huyu si Ailikn huyu!" Watu walicheka mpaka padri akagonga sakafu kwa fimbo. Ailikn alijifanya amekasirika. Wiki ile alikwenda kanisani kila siku, yeye ambaye hata Jumapili alikuwa akifika injili imekwisha kusomwa.

Na alistahili. Kwa miaka thelathini karibu kila aliyezaliwa upande ule wa kisiwa alipita mikononi mwake. Alikuwa mjuaji, msemaji, na hakuna hadithi aliyoisimulia kwa kifupi; lakini mwanamke akishikwa na uchungu, hata wale waliomsengenya walimtuma mtu mbio kwenda kumwita.

Miguuni mwa birika Likair alichonga wanyama wanne wenye vinywa wazi, na katika kila kinywa kichwa cha mtu kimebanwa kati ya meno. Watoto waliwaogopa sana wanyama hao. Ailikn aliwabeba mmoja mmoja na kuwainamisha wawaguse. "Hawa hawana neno na nyinyi," aliwaambia. "Nyinyi mmeingia majini. Hawa wanawasubiri wale ambao hawakuingia."

Basi majira yale ya baridi zamu ikawa ya nyumbani kwake mwenyewe. Rodvi, binti yake wa pekee, mke wa Likair, alikuwa amekwisha kuharibu mimba tatu. Ya nne ilikaa, ikakaa, watu wakaanza kuthubutu kuitaja. Kisha, mwezi mzima kabla ya wakati wake, katikati ya baridi inayopasua magogo, mtoto akaja. Alikuwa wa kiume, mdogo kiasi kwamba angelala ndani ya kiatu cha baba yake na nafasi ikabaki. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Hakulia.

Ailikn alijua la kufanya. Mtoto akionekana hafiki kwa padri, mkunga anaruhusiwa kumbatiza pale pale, na maneno yake aliyajua vizuri kuliko mapadri wengine. Ndoo ilikuwa mlangoni, na maji yake yameganda juu. Karibu na moto kulikuwa na mtungi wa pombe ya uzazi, ile ya shayiri ambayo kina mama huipika mapema ili mzazi na waliomhudumia wanywe, wapate nguvu. Ailikn alichovya kidole. Ilikuwa vuguvugu, vizuri kabisa. Maji ya barafu juu ya kichwa cha kitoto kama kile, aliwaza, ni kukiua kwa mkono wangu. Akachota pombe, akaimwaga mara tatu juu ya utosi, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akampa jina Botair, la babu yake mzaa baba.

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, sauti nyembamba ya paka, na Rodvi pale kitandani akalia naye, na Likair akaketi chini sakafuni.

"Mmeona?" Ailikn alisema. "Mungu naye si mjinga. Anajua kipi kizuri."

Hakuwa akifanya jambo geni. Kila baridi ilipokuwa kali na mtoto dhaifu, hivyo ndivyo alivyofanya, na padri wa zamani, Baba Olaf, Mungu amrehemu, alijua na alicheka tu. "Bwana aliyegeuza maji kuwa divai," alisema mzee yule, ambaye naye hakuuchukia mtungi, "atashindwa na shayiri?" Baba Olaf alikufa. Akaja Baba Botulf, kijana mwembamba kutoka ng'ambo, na kiangazi kilichopita alisoma kanisani barua ndefu ya askofu. Ilikuwa wakati wa kukata nyasi za mifugo. Waliokuwemo kanisani walikuwa watu tisa, na wanne kati yao walikuwa wamelala. Ailikn alikuwa kwa watu, anazalisha mapacha.

Siku ya nne theluji iliacha kuanguka. Mtoto aliyebatizwa nyumbani lazima afikishwe kanisani, padri amwekee chumvi ulimini, ampake mafuta, amtambulishe mbele ya birika. Hapo ndipo watu husema amepokelewa. Rodvi hakuweza kwenda, si kwa udhaifu tu. Mzazi haingii kanisani mpaka zitimie siku arobaini. Alimfunga mtoto mwenyewe kwa vitambaa vya sufi, tabaka juu ya tabaka, akampa mama yake.

"Mama, mwambie padri asimwekee chumvi nyingi."

"Nitamwekea mimi."

"Na ukirudi unieleze kila kitu. Usiruke hata kimoja."

"Mimi niliwahi kuruka nini?" alisema Ailikn, na wote wakacheka, hata Likair.

Farasi akafungwa kwenye kigari cha kuteleza. Likair alikaa mbele na hatamu, shoka lake likiwa miguuni kwa ajili ya miti iliyoangukia njia. Nyuma walikaa Ailikn na mtoto, na Hailvi, jirani yao, aliyechaguliwa kuwa mama wa ubatizo. Hailvi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na miaka mitano nyuma alizaa binti aliyeishi siku moja. Ailikn alimbatiza. Yule binti alizikwa ndani ya ukuta wa uwanja wa kanisa, wanakolazwa waliobatizwa, upande wa jua, na kila Jumapili Hailvi alipita pale na kupaondolea majani.

"Mshike vizuri, wewe mwenye pua," Hailvi alisema walipoanza kushuka mteremko. "Ukimwangusha hapa tutamtafuta mpaka theluji iyeyuke."

"Nimeshika watoto kabla hujaota meno."

"Na mimi ulinishika, mama aliniambia. Anasema uliongea mpaka nikatoka mwenyewe nikitaka kukunyamazisha."

Likair alicheka akatikisa kichwa. Lakini alikuwa akigeuka nyuma kila mara, na walipofika kwenye chemchemi ya mawe, ile isiyoganda hata katika baridi kali, alisimamisha farasi. Akashuka, akafunua sufi kidogo. Midomo ya mtoto ilikuwa imerudia ile rangi.

"Mama, hapumui sawasawa."

"Anapumua. Watoto wa kabla ya wakati hupumua hivyo."

Likair aliitazama chemchemi. Maji yalikuwa yakitoka kati ya mawe na kutoa mvuke. "Maji haya hapa," alisema. "Mmwagie kidogo tu. Kwa usalama."

"Usalama gani?" Ailikn alikuja juu. "Nimekwisha kumbatiza! Kumbatiza mtu mara mbili ni kumwambia Mungu kwamba mara ya kwanza hakusikia. Unataka mwanao aanze maisha na dhambi hiyo? Na unataka kumpa maji ya baridi juu ya kifua hicho?"

"Nauliza tu, mama."

"Huyu ni wa Mungu tayari, mkwe wangu. Hata akitutoka hapa njiani, Mungu apishe mbali, hana pa kwenda ila pazuri. Panda twende."

Aliyasema kwa upole kabisa, maana alimpenda Likair. Likair akapanda. Hailvi alivua mtandio wake mwenyewe akaongeza juu ya sufi.

Baba Botulf aliwangojea mlangoni, pua nyekundu, kitabu kifuani. Ibada huanzia mlangoni. Mtoto haingizwi ndani mpaka maswali yajibiwe. Ailikn aliyajua maswali hayo na alikuwa ameyasubiri siku nne. Hapa ndipo mkunga huheshimiwa mbele za watu.

"Mtoto huyu amebatizwa?"

"Amebatizwa, Baba."

"Na nani?"

"Na mimi, Ailikn, bibi yake."

"Kwa maneno gani, na kwa kitu gani?"

Angejibu kwa neno moja. Neno moja tu lilitosha, na muda ulikuwepo. Lakini Ailikn alivuta pumzi, akajiweka sawa, akaanza mwanzo: jinsi uchungu ulivyomshika Rodvi wakati wa kukamua mbuzi, jinsi kitovu kilivyokuwa kimezunguka shingo mara moja na nusu, jinsi alivyokifungua kwa kidole hiki hapa. Padri alisikiliza akipiga miguu chini kwa baridi. Akaeleza habari za wakunga wengine ambao wangekata tamaa. Akayataja maneno matakatifu yote, taratibu, bila kosa, na padri akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaeleza ndoo iliyoganda.

"Basi nikasema, Ailikn, utakimwagia kiumbe hiki barafu? Moyo huo sikuwa nao, Baba. Nikachukua pombe ya uzazi, ya shayiri safi, haina hata siku kumi, vuguvugu kama maziwa, nikamwaga mara tatu. Na papo hapo akapiga chafya!"

Alitabasamu akingoja kusifiwa.

Uso wa padri ulibadilika. "Pombe?"

"Ya shayiri, Baba. Iliyo bora."

"Hukutumia maji? Hata tone?"

"Baba Olaf alikuwa..."

"Hajabatizwa!" padri alipiga ukelele, na kitabu kikamwanguka. "Mama, mtoto huyu hajabatizwa! Ni maji tu! Maji peke yake! Nilisoma barua, nilisimama pale nikaisoma! Leteni maji!"

Likair alikuwa amekwisha kukimbia. Alichukua shoka kwenye kigari, akapita kati yao, viatu vyake vikilia juu ya sakafu ya kanisa. Birika lilikuwa na mfuniko wa mbao na kufuli, kwa amri ya askofu, kwa kuwa watu walizoea kuiba maji matakatifu wakaogeshee ng'ombe wagonjwa. Ufunguo ulikuwa umetundikwa nyumbani kwa padri, ng'ambo ya uwanja. Likair hakuuliza habari ya ufunguo. Alipiga mara moja, mbao zikapasuka. Alipiga mara ya pili, shoka likateleza, likakata ukingo wa jiwe, na kipande kikubwa kama kiganja kikaruka, kikaangukia chini mbele ya wafalme watatu. Ndani kulikuwa na barafu. Aliivunja kwa mpini, akatumbukiza mikono yote miwili, akachota, akarudi mbio.

Mlangoni padri alikuwa amepiga magoti, mtoto amelala mapajani mwake, sufi imefunuliwa. Alikuwa amechomoa unyoya kwenye mto mdogo wa kuwekea kitabu, akaushika mbele ya midomo ile midogo. Wote waliutazama. Nje hakukuwa na upepo hata kidogo. Unyoya haukutikisika.

"Mmwagie," alisema Likair. Maji yalikuwa yakimvujia kati ya vidole.

Padri aliusogeza unyoya karibu zaidi. Akaweka sikio kifuani. Akakaa hivyo kwa muda mrefu mno.

"Mmwagie, Baba!"

"Sibatizi maiti, Likair," padri alisema, na alikuwa analia. "Siwezi. Hakuna awezaye."

Mikono ya Likair ilibaki imekingwa hivyo hivyo mpaka tone la mwisho lilipoisha.

Kisha akaanza kusema kwa haraka. "Yalikuwa maji. Baba, sikiliza, mimi nilikuwepo. Mama mkwe amechanganyikiwa, ni mzee, hajalala siku nne. Yalikuwa maji kutoka kwenye ndoo. Sema, mama. Mwambie yalikuwa maji."

Ailikn alifungua kinywa. Mwanamke aliyeongea maisha yake yote alitafuta sauti asiipate. Ilipotoka ilikuwa ndogo. "Yalikuwa maji," alisema.

Padri alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Mama, nimekwisha kusikia," alisema. "Laiti nisingesikia. Mbele za Mungu, laiti ungenijibu uongo tangu mwanzo."

Hapo ndipo Hailvi aliposema. Walikuwa wamemsahau. "Na wangu?"

Padri akainamisha macho.

"Baba, nakuuliza. Binti yangu. Ailikn alitumia nini kwa binti yangu?"

Aliuliza akimtazama padri, lakini Ailikn ndiye aliyekuwa na jibu, na wote walilijua. Ilikuwa usiku wa baridi, mtungi karibu na moto. Ailikn alikumbuka hata rangi ya mtungi wenyewe. Akaanza kuhesabu, hakuweza kujizuia: miaka yote ile, kabla ya Botair, watoto tisa aliowamwagia pombe. Watano walikuwa hai. Hao wangeweza kuletwa Jumapili na kubatizwa sawasawa. Wanne walikuwa ndani ya ukuta, upande wa jua, chini ya majani yaliyong'olewa na mama zao.

"Hatutamfukua," padri alisema mwishowe. "Nitanyamaza. Atalala pale alipo."

"Sikukuuliza mahali atakapolala."

Padri akamfunika mtoto tena kwa sufi.

Botair hakuwa na nafasi ndani ya ukuta. Aliwekwa nje, upande wa kaskazini, ambako kuna vichaka vya miiba na hakuna njia. Ardhi ilikuwa jiwe tupu kwa baridi. Likair aliwasha moto juu yake kwa mbao za mfuniko alizozivunja, akangoja udongo ulainike, akachimba kwa shoka na mikono. Padri alisimama upande wa ndani wa ukuta. Hakuruhusiwa kusoma lolote, akasimama tu, kichwa wazi, mpaka kazi ikaisha.

Ailikn aliingia kanisani kutafuta sufi moja iliyobaki. Birika lilikuwa wazi, na vipande vya barafu vinaelea ndani. Mkunga wa jiwe alikuwa ameinama pale pale, pua imepinda kushoto, akimwosha Mtoto kwenye beseni, na Likair alikuwa amechonga maji yale kwa mistari midogo midogo, kila mstari peke yake. Ailikn alikuwa ameyapapasa mara mia bila kuyaona. Alishusha macho yakaishia miguuni mwa birika, kwenye vile vinywa vinne. Akajifunika uso kwa sufi akatoka.

Njia nzima ya kurudi Hailvi alikaa amempa Ailikn mgongo. Kwenye chemchemi farasi alitaka kusimama kama alivyosimamishwa asubuhi, na Likair akampiga kwa hatamu, yeye ambaye hakuwahi kumpiga mnyama.

Rodvi alikuwa ameketi kitandani, nywele amezisuka upya kwa ajili ya kuwapokea. Aliona mikono ya mama yake mitupu kabla hawajafunga mlango. Hakupiga kelele. Alikuwa amejiandaa kwa hilo tangu siku ya kwanza, kama wanavyojiandaa waliokwisha kupoteza watatu.

"Wapi?" aliuliza.

"Mlangoni mwa kanisa," Ailikn alisema. "Hakuteseka."

Machozi yalimtoka Rodvi, lakini alimshika mama yake mkono akaubusu. "Namshukuru Mungu ulikuwepo wewe. Wale watatu hawakufika hata kupata jina. Huyu ana jina, na ana kwao." Akajifuta uso. "Padri amemlaza wapi?"

Likair alitoka nje. Walimsikia akiupiga ukuta wa zizi kwa ngumi, mara moja.

"Ndani," alisema Ailikn. "Upande wa jua."

Rodvi alimwangalia, kisha akamwangalia Hailvi aliyesimama mlangoni bado na theluji mabegani. Alikuwa anataka kusikia tena, kutoka kwa mtu mwingine, jinsi watu wanavyotaka kusikia habari njema mara mbili. Ailikn alifumba macho akangoja. Hailvi alikuwa na haki ya kusema chochote.

"Karibu na wangu," alisema Hailvi.

Rodvi akalala tena, akavuta blanketi. "Basi si mpweke," alisema. "Siku arobaini zikitimia mtanipeleka, mnionyeshe. Nitapaondolea majani." Akanyoosha mkono kuelekea motoni. "Mama, nina kiu. Nipe hiyo pombe."

Zilibaki siku thelathini na sita. Ailikn alishika mtungi, ulikuwa bado vuguvugu, akammiminia.